Mtoto Anayeugua Kifua Kila Mara: Kipimo cha Kingamwili Kinasema Nini?



Miongoni mwa maswali tunayoletewa mara kwa mara na wazazi, hasa akina mama wa jumuiya ndogondogo, limo hili: kwa nini mtoto wangu haponi kifua? Leo amepona mafua, wiki ijayo anakohoa. Mwezi huu amemaliza dozi, mwezi ujao anaanza nyingine. Siku hizi swali hilo limeongezewa jingine. Wapo wazazi, hasa wa mijini, waliokwisha kumpeleka mtoto kwenye maabara wakarudi na karatasi inayosema kwamba kingamwili zake ziko chini. Karatasi hiyo huleta hofu kubwa nyumbani, na lawama zake, tusifiche, ni nadra kumwangukia baba. Humwangukia mama, anayeanza kuulizwa alikula nini wakati wa ujauzito, alimwachisha lini mtoto kunyonya, na katika ukoo wao ni nani aliyekuwa na damu mbaya.

Sisi mapadre si matabibu, na haifai tuvae joho lisilo letu. Lakini kwa kuwa wazazi hao huja kwetu kabla ya kwenda hospitali, na pengine badala ya kwenda, tumeona ni wajibu wetu kusoma, kuuliza na kueleza kwa lugha yetu yale ambayo sayansi ya tiba imekwisha kuyathibitisha juu ya kinga ya mtoto mdogo. Mara nyingi karatasi ile inatisha bure. Wapo hata hivyo watoto wachache ambao karatasi kama hiyo ingewaokoa maisha, na hawakuipata.

Kingamwili ni protini zilizomo katika damu na katika majimaji mengine ya mwili, zinazotengenezwa na aina fulani ya chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kumtambua adui, kumshika, na kuwaita walinzi wengine wa mwili waje kummaliza. Kila kingamwili ina umbo linalomfaa adui wake, kama ufunguo na kufuli. Kingamwili ya surua haina habari na pepopunda. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walionyesha kwamba mnyama akidungwa majimaji ya damu ya mnyama mwingine aliyekwisha kupata kinga dhidi ya pepopunda, naye hukingika, ingawa hajawahi kukutana na ugonjwa huo. Tuikumbuke habari hiyo, maana ndani yake mna jambo tunalotaka kulieleza: kinga yaweza kuazimwa, ila ya kuazimwa haidumu.

Mtoto huanza maisha yake kwa kinga ya kuazima. Maabara hutaja hasa aina tatu za kingamwili kwa herufi, yaani IgG, IgA na IgM. IgG ndiyo nyingi kuliko zote katika damu, na ndiyo pekee inayovuka kondo la nyuma kwa wingi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Uvukaji huo hufanyika zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, hata mtoto aliyetimiza siku zake huzaliwa akiwa na IgG sawa na ya mama yake au kuizidi kidogo. Mtoto njiti hakupata muda huo wote, na hii ni sababu mojawapo ya yeye kuhitaji uangalizi zaidi. Tangu siku ya kuzaliwa akiba hiyo huanza kupungua. Kila baada ya wiki tatu hivi hubaki nusu yake. Mtoto naye huanza kutengeneza zake, lakini polepole. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita za mama huwa zimekaribia kwisha, na zake hazijatosha. Hapo pana bonde, na kila mtoto duniani hupita katika bonde hilo, awe wa tajiri au wa maskini.

Sasa tuichukue ile karatasi. Tuseme mtoto wa miezi minne amepimwa, na IgG yake imeonekana kuwa gramu 3.5 kwa lita. Pembeni ya namba hiyo kimechapwa kiwango cha kawaida, gramu 7 hadi 16 kwa lita, pamoja na alama ya kuonyesha kwamba mtoto yuko chini. Mashine haikukosea kupima, ila kiwango kilichochapwa ni cha mtu mzima. Kwa mtoto wa miezi minne namba hiyo haina la kushangaza. Namba hiyohiyo kwa mtoto wa miaka sita ingekuwa sababu ya kumpeleka kwa daktari bingwa bila kuchelewa. IgA nayo huwa karibu na sifuri kwa mtoto mchanga, hupanda taratibu mno, na kwa wengi haifikii kiwango cha mtu mzima mpaka umri wa kubalehe; kwa hiyo madaktari hawamhesabu mtoto kuwa amepungukiwa IgA kabla hajatimiza miaka minne. Basi mzazi aliyepewa karatasi aulize kwanza: kiwango hiki kilichoandikwa hapa ni cha umri gani?

Akina mama wanaohudhuria kliniki ya kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wanalifahamu jambo hili la kuazima pengine kuliko sisi sote. Wameelezwa kwamba kipimo cha haraka hakiwezi kuthibitisha maambukizi kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kwa kuwa kipimo hicho hutafuta kingamwili, na zinazoonekana zaweza kuwa za mama. Ndiyo maana mtoto hutobolewa kisiginoni, damu ikadondoshwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa kutafutwa kirusi chenyewe.

Liko azimo la pili, nalo ni maziwa ya mama. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya njano ambayo mahali pengine bado yanakamuliwa na kumwagwa, yamejaa kingamwili za aina ya IgA. Hizi haziingii katika damu ya mtoto. Hutanda kwenye koo na matumbo, zikizuia vimelea kushika. Kwa sababu hiyo kipimo cha damu hakiwezi kuziona, na mama anayenyonyesha asidhani kwamba karatasi ya maabara imeyahukumu maziwa yake. Haikuyagusa hata kidogo.

Baada ya miezi sita mtoto huingia shuleni, kwa maana ya kinga. Mafua husababishwa na virusi vya namna nyingi sana. Jamii moja tu kati ya hizo, inayoitwa rinovirusi, ina aina zaidi ya 100, na mtoto hana budi kukutana nazo moja baada ya nyingine. Mzazi huona ugonjwa uleule umerudi, kumbe ni mgeni mwingine. Madaktari wa watoto husema kwamba mtoto mdogo mwenye afya njema aweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na zaidi ya hapo akiwa na kaka na dada wanaosoma au akilelewa pamoja na watoto wengi. Tupige hesabu: mara nane, kila mara siku 10 hadi 14 za kukohoa, ni siku 80 hadi 112. Karibu theluthi ya mwaka! Na huyo ni mtoto asiye na kasoro yoyote ya kinga. Jambo la kumtazama ni hali yake kati ya ugonjwa na ugonjwa: kama hupona kabisa, hucheza, hula, na mstari wa uzito katika kadi yake ya kliniki hupanda, basi kinga yake inajifunza kama ipasavyo.

Lipo somo moja ambalo kinga ya mtoto hulichelewa. Bakteria kadhaa wanaoleta homa ya mapafu, hasa nimokoka, hujifunika gamba la sukari, na mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi kutengeneza kingamwili za kutosha dhidi ya gamba la namna hiyo. Wanasayansi walipata njia: waliifunga ile sukari kwenye protini, ambayo kinga ya mtoto huitambua vizuri, na hivyo kumfundisha mtoto mapema jambo ambalo angelijifunza kwa kuchelewa. Chanjo za aina hiyo zimo katika ratiba ya Tanzania. Ile ya bakteria Hib imo ndani ya chanjo ya pamoja tangu 2009, na ile ya nimokoka ilianza kutolewa nchini kote mwanzoni mwa 2013, na kwa kawaida mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wanaoeneza maneno kwamba chanjo huchosha kinga ya mtoto wameigeuza habari hii juu chini.

Sasa tuwageukie wale wachache. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa watoto wa jeshi la Marekani katika hospitali ya Walter Reed mjini Washington, aliandika habari za mvulana wa miaka minane aliyekuwa akipata maambukizi mazito ya damu mara kwa mara, mengi yakiletwa na nimokoka yuleyule. Kila alipotibiwa alipona, kisha akaanguka tena, kana kwamba mwili wake haukumbuki chochote. Bruton alipima damu yake kwa chombo kilichokuwa kigeni wakati huo, kinachotenganisha protini za damu kwa umeme, na mahali ambapo kingamwili zilipaswa kuonekana hapakuwa na kitu. Alianza kumchoma sindano za kingamwili zilizotokana na damu ya watu wengine, na maambukizi yale yakakoma. Ni azimo lilelile la Berlin, ila safari hii ni la kurudiwa maisha yote. Ilichukua hadi 1993 kwa wataalamu kukiona kijenasaba chenye hitilafu, nacho kimo katika kromosomu X.

Hapo tunaomba msomaji asimame kidogo. Hitilafu iliyo katika kromosomu X mara nyingi hubebwa na mama asiyeugua, na huwapata watoto wa kiume; kila mvulana anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Mtoto huonekana mzima miezi ya mwanzo, kwa kuwa anaishi kwa akiba ya mama, kisha baada ya miezi sita hivi huanza kuandamwa na homa ya mapafu na usaha masikioni. Wasichana wa nyumba hiyo hukua salama. Fikirini familia kama hiyo inavyoonekana katika mazingira yetu: mama ana afya, mabinti wana afya, wavulana wanakufa mmoja baada ya mwingine, na kaka za mama nao walikufa wakiwa wadogo. Ni familia ngapi za namna hiyo zimemtafuta mchawi? Ni akina mama wangapi wamerudishwa kwao? Hatusemi kwamba kila msiba wa jinsi hiyo unatokana na ugonjwa wa Bruton, ambao ni adimu sana. Watoto wetu hufa kwa sababu nyingine zilizo za kawaida zaidi. Tunasema kwamba historia hiyo, inayosimuliwa kwa kunong'ona nyumbani, ndiyo ambayo daktari anahitaji kuisikia kwa sauti.

Zipo pia dalili ambazo madaktari huzichukua kwa uzito hata pasipo historia ya ukoo: homa ya mapafu iliyothibitishwa mara mbili au zaidi katika mwaka mmoja, maambukizi mapya ya masikio mara nne au zaidi kwa mwaka, majipu ya ndani yanayorudi, utando mweupe mdomoni usiokwisha, maambukizi yasiyotulia mpaka dawa ya mshipa, au mtoto aliyeacha kuongezeka uzito. Mwenye dalili hizo apimwe kingamwili, na apimwe mahali penye daktari wa watoto atakayeisoma namba pamoja na umri. Pengine daktari atataka kujua si wingi tu bali na uwezo wake, yaani kama mtoto aliyechanjwa pepopunda ametengeneza kweli kingamwili za pepopunda. Wapo watoto ambao bonde lile tulilolitaja hukawia kwao, wakabaki na IgG ndogo hadi miaka miwili, minne, hata zaidi, kisha ikapanda yenyewe bila dawa. Kwa hao jina la hali yao hujulikana kwa hakika baada ya kupona, na kwa hiyo daktari anayesema "tusubiri, tupime tena baada ya miezi sita" hajashindwa kazi.

Hata hivyo, kati ya watoto tunaowaona, mwenye kurudia ugonjwa wa kifua kwa sababu ya upungufu wa kingamwili ni mmoja kati ya wengi wenye sababu nyingine. Mtoto mwenye VVU aweza kuwa na kingamwili nyingi kupita kiasi zisizofanya kazi. Mwenye seli mundu, ugonjwa ulioenea sana Tanzania, kingamwili zake zaweza kuwa za kutosha, lakini bandama yake imeharibika na haichuji tena bakteria. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku tangu utotoni. Wengine walioandikiwa nimonia mara tano wana pumu. Wengine wana kifua kikuu walichoambukizwa na mtu mzima wa nyumbani. Mtoto ambaye homa ya mapafu humrudia upande uleule wa kifua yawezekana alipaliwa na punje ya karanga miezi iliyopita, nayo ingali ndani. Na wengi, wengi mno, hulala katika chumba kimoja na jiko la kuni au mkaa. Moshi hudhoofisha utando wa njia ya hewa, na hakuna kipimo cha damu kitakachouonyesha.

Tuseme neno juu ya kimeo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto anayekohoa muda mrefu hupelekwa kukatwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Tumewahi kusikia hata waamini wenye elimu wakilitetea jambo hili kwa kuwa kikohozi kilikwisha baadaye. Kikohozi cha mafua hukoma chenyewe katika wiki mbili au tatu, kimeo kikatwe kisikatwe. Kinachobaki ni jeraha kooni kwa mtoto asiye na kinga ya kutosha, kutokwa damu ambako kumewaua wengine, na wembe ambao hatujui ulimkata nani kabla yake. Viuavijasumu vinavyonunuliwa dukani bila cheti navyo haviui virusi vya mafua. Huvifundisha tu vijidudu vingine usugu. Na zile dawa za unga na sharubati zinazonadiwa kuwa zinaongeza kinga hazimpatii kingamwili mtoto aliyezaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza. Huyo huhitaji IgG yenyewe, iliyokusanywa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji, kila baada ya wiki tatu au nne. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Bei yake ni kubwa, na tusiwafiche wazazi ukweli huo. Ila mtoto asiyejulikana ugonjwa wake hawezi hata kuombewa msaada.

Wazazi huleta watoto wao tuwabariki na kuwaombea, nasi twafanya hivyo kwa moyo wote. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 38, anafundisha kwamba mgonjwa asali na pia ampe daktari nafasi yake, wala haoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Anayemwambia mama aache dozi ili kuonyesha imani hasemi kwa niaba ya Kanisa.

Atakayekwenda hospitali achukue kadi ya kliniki, na daftari alimoandika kila ugonjwa wa mwaka huu: tarehe, siku ngapi, dawa gani, kama kifua kilipigwa picha. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko kusema tu kwamba mtoto anaumwa kila siku. Na kabla ya hospitali kuna usiku. Mwaka 2019 homa ya mapafu iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukikuta hivyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usingoje kupambazuke. Mpeleke usiku huohuo.